Kusimama Njiani: Kwa Nini Wasafiri Hupita, na Nini Huwafanya Wasimame

Tulikuwa tumekwisha kuuteremka mlima Kitonga na kuipita Ruaha Mbuyuni, saa mbili na nusu usiku, tukielekea Mikumi, dereva wetu alipoona matawi barabarani. Kila anayesafiri kwa barabara kuu za Tanzania anaijua lugha hiyo: matawi mabichi matatu au manne, yaliyopangwa kwa kuachana hatua kadhaa, humwambia anayekuja kwamba mbele kuna chombo kimeharibika na apunguze mwendo. Dereva alipunguza. Mbele ya matawi hapakuwa na lori. Palikuwa na pikipiki imelala ubavu, na pembeni yake mtu ameketi kwenye majani, amejishika mguu kwa mikono miwili, hata hakuinua mkono kutusimamisha.

"Mzee, twende tu," abiria mmoja wa nyuma alisema kwa sauti ya chini. "Watu wa huku hatuwajui."

Mama mmoja aliyempakata mtoto akasema, "Jamani, si mnamwona ameumia?"

Dereva hakumjibu yeyote. Alipita kiasi cha mita 50, akaegesha nje kabisa ya lami, akawasha taa za tahadhari, akaiacha injini inanguruma, akashusha kioo nusu na kuita, "Ndugu yangu! Uko peke yako?"

Nimelikumbuka swali lile mara nyingi, kwa sababu lilibeba huruma na hadhari kwa pamoja, na hakuna iliyoifukuza nyenzake. Tunapozungumza juu ya kuwasimamia watu tusiowajua, wengi wetu hulifanya jambo lenyewe kuwa kipimo cha moyo: mwenye utu husimama, asiye na utu hupita. Hesabu hiyo naiona fupi mno. Mara nyingi anayepita anayo huruma ileile ya anayesimama, ila mzigo anaoutarajia baada ya kusimama ndio unaomtisha, na sehemu kubwa ya mzigo huo umetengenezwa na watu. Ili tuuelewe, inabidi tuufungue na kutazama kilichomo.

Tuanze na lugha yetu, kwa kuwa nayo imeishi na pande zote mbili za jambo hili. Waswahili husema msafiri kafiri, wakimaanisha kwamba aliye safarini hujisamehe mambo ambayo nyumbani asingejisamehe: hana muda, hana nafasi, ana kwake anakokwenda. Lakini Waswahili haohao, wakiisoma aya ya 60 ya sura At-Tawba, inayotaja makundi 8 ya watu wanaostahili kupewa zaka, hukuta miongoni mwao mtu ambaye baadhi ya wafasiri wa Kiswahili humwita msafiri aliyeharibikiwa. Neno hilo ni lilelile tunalolitumia kwa gari lililozimika njiani. Mtu huyo huenda kwao ni tajiri, lakini pale alipo, kwa saa ile, hana kitu, na dini inamhesabu pamoja na mafukara.

Kisa cha Msamaria mwema, katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, nacho husimuliwa sana kwa nusu yake ya kwanza tu, yaani kuhani na Mlawi waliomwona mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, wakapita upande mwingine wa njia kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Nusu ya pili ina mafunzo zaidi kwa wanaotaka kujua namna msaada unavyofanya kazi. Msamaria alikuwa na mafuta na divai ya kutia kwenye majeraha. Alikuwa na mnyama wa kumbebea majeruhi. Palikuwa na nyumba ya wageni mahali panapofikika, na mwenye nyumba hiyo alimpokea mgonjwa. Hatusomi popote kwamba alimshuku aliyemleta au kumzuia asiondoke. Msamaria alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa gharama zitakazozidi, kisha akaendelea na safari yake. Wema wake ulikuwa mkubwa, lakini tusiisahau nyumba ile. Tuifikirie iwapo ingekuwa na mlango uliofungwa, au mlinzi wa kumwambia akalete kwanza karatasi kutoka mahali pengine.

Sababu ya kwanza ya watu kupita ni nyepesi kuliko tunavyodhani, nayo ni haraka. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari ya theolojia huko Princeton. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo jingine kutoa mazungumzo mafupi, na baadhi yao walipewa wakazungumzie kisa hichohicho cha Msamaria. Njiani, kwenye uchochoro, alikuwepo mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kugugumia kama mgonjwa. Kati ya wanafunzi walioambiwa kwamba muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani. Kati ya walioambiwa kwamba muda umewadia, asilimia 45. Kati ya walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, asilimia 10 tu. Kwenda kumzungumzia Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Wapo walioelekea kueleza habari za mtu aliyesimama, wakampita mtu aliyeanguka.

Ukilipeleka jambo hilo kwenye basi la mikoani utaelewa mengi. Dereva ana ratiba, ana kifaa kinachopeleka taarifa za mwendo wake, ana tajiri anayempigia simu kuuliza amefika wapi, na nyuma yake wamo watu karibu 60, kila mmoja na msiba wake, mtihani wake au mgonjwa wake anayemsubiri. Ratiba ni kitu cha lazima, na ni afadhali ya dereva anayeifuata kuliko yule anayekimbizana na wenzake. Lakini katika ratiba zetu sijapata kuona nafasi ya dakika za kumsaidia mtu, na dereva anayezitoa anazitoa mfukoni mwake.

Sababu ya pili ni wingi wa watu. Mwaka 1968 Darley huyohuyo, pamoja na Bibb Latané, walionyesha kwa majaribio kwamba mtu aliye peke yake na dharura huchukua hatua upesi kuliko mtu anayejua kwamba wengine nao wanaisikia. Jukumu likigawanywa kwa kumi, kila mmoja huhisi amebakiwa na sehemu ndogo sana. Barabarani hali hiyo hujitokeza kwa sura mbili. Kwenye barabara yenye magari mengi, kila dereva hudhani wa nyuma yake atasimama. Kwenye ajali iliyokwisha kukusanya umati, watu 40 huzunguka, simu zimeinuliwa juu, na majeruhi analala katikati bila hata mmoja kumshika bega. Dawa ya hali hii inajulikana na haina gharama: usiuite umati, mwite mtu. "Wewe kaka wa shati la kijani, piga polisi 112. Wewe dada, naomba kanga yako. Ninyi wawili, kasimamisheni magari kule kwenye kona." Aliyeitwa kwa shati lake hawezi tena kujificha ndani ya wengine, na nimeona mara zote kwamba hataki hata kujificha, alikuwa anangoja kuambiwa cha kufanya.

Sababu ya tatu ni hofu, na hapa ndipo fundo lenyewe lilipo, kwa maana hofu hizi ni kadhaa na kila moja ina jibu lake.

Ipo hofu ya majambazi, nayo haikutokana na hadithi. Zuio la mabasi kusafiri usiku nchini Tanzania, lililodumu takribani miaka 30 hadi lilipoondolewa mwaka 2023, lilihusu ajali na pia ujambazi wa njiani, na madereva wa zamani bado wanayakumbuka magogo na mawe yaliyowekwa barabarani ili gari lisimame. Anayewaambia watu wasimame popote, saa yoyote, kwa yeyote, anawapa ushauri ambao yeye mwenyewe hataulipia. Mwanamke anayeendesha peke yake usiku kwenye pori hana wajibu wa kushuka. Anachoweza kufanya ni kukariri mahali alipopita, kwa daraja, kwa kibao cha kilomita, kwa mbuyu, na kutoa taarifa kwenye kituo cha polisi au kizuizi cha kwanza anachokikuta, au kupiga simu mtandao unaporudi. Huo ni msaada kamili. Nchini Kenya namba za polisi ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu hupokea wito wa gari la wagonjwa kwa namba 1199.

Ipo pia hofu ya umati wenye hasira. Katika miji na vijiji vyetu, dereva anayesimama mahali mtoto alipogongwa anaweza kupigwa kabla hajaulizwa kama ni yeye aliyegonga. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, zote zinamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kutoa taarifa polisi. Madereva hujua hivyo. Wanajua pia yaliyowapata baadhi ya wenzao waliosimama, na ndiyo maana utawasikia wakiusiana kwamba ukigonga nyoosha moja kwa moja hadi kituoni. Matokeo yake ni machungu: majeruhi anakosa gari lililokuwa karibu naye kuliko yote, na dereva mwingine anayefuata, asiye na hatia yoyote, naye anaogopa kusimama kwa kuwa anaweza kudhaniwa ndiye. Kila kiboko kinachopigwa barabarani kwa jina la haki kinawafukuza waokoaji watatu ambao hawajafika.

Hofu inayonisumbua zaidi ya zote ni ya kituo cha polisi na hospitali, kwa kuwa hiyo tumeijenga wenyewe kwa karatasi. Tanzania inayo fomu ya polisi inayojulikana na kila mtu kwa jina la PF3. Hutolewa kituoni, mganga huijaza akieleza majeraha aliyoyakuta, kisha hurudi polisi na inaweza kutumika mahakamani au katika madai ya fidia. Kwa asili yake ni chombo cha kumlinda majeruhi: aliyepigwa apate ushahidi, aliyegongwa apate haki yake ya bima. Lakini kwa miaka mingi fomu hiyo iligeuka kuwa tiketi ya kuingilia hospitali. Majeruhi hufikishwa mapokezi akivuja damu, na swali la kwanza likawa, "PF3 iko wapi?" Viongozi wa Serikali wametamka zaidi ya mara moja kwamba majeruhi ahudumiwe kwanza na fomu ifuate, na waganga wengi hufanya hivyo. Hata hivyo, hofu haifutwi na tamko. Msamaria wa leo anajua kwamba huenda akalazimika kugeuza gari kwenda kituoni, akaandike maelezo, akaulizwa yeye ni nani kwa mgonjwa, akaambiwa asubiri, akaitwa tena wiki ijayo, na mwisho akaenda kuwa shahidi katika kesi inayoahirishwa mwezi hadi mwezi. Mwenye daladala anahesabu siku za kazi. Mwenye bodaboda anahesabu mkopo wa pikipiki. Siwezi kumwita katili mtu anayepiga hesabu hiyo.

Kenya imekwenda mbali zaidi katika maandishi. Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Maneno hayo ni machache na hayana masharti ya fedha wala fomu. Lakini Oktoba 2015, miaka mitano baada ya Katiba hiyo, mtu mmoja aliyegongwa na gari viungani mwa Nairobi alikaa takribani saa 18 ndani ya gari la wagonjwa, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi kutoka hospitali moja hadi nyingine, na hatimaye akafariki dunia. Waliomwokota walifanya sehemu yao, na gari la wagonjwa lilifanya sehemu yake. Nyumba ya wageni ndiyo iliyokosekana. Kisa kama hicho, kikisimuliwa kwenye redio na kwenye viti vya matatu, huwafundisha watu wengi kupita kuliko hotuba yoyote inavyowafundisha kusimama.

Je, sheria inamlazimisha mpita njia kusaidia? Jibu linategemea upo upande gani wa mpaka. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi mkondo wa sheria wa Kiingereza, ambao kwa kawaida haumwadhibu mtu kwa kutomsaidia mgeni ambaye hana uhusiano naye wala hakumsababishia madhara. Ufaransa na Ujerumani zinafanya kinyume: Ufaransa, mtu anayeacha kwa makusudi kumsaidia aliye hatarini, ilhali angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha, anaweza kufungwa hadi miaka 5, na Ujerumani hadi mwaka 1. Rwanda nayo inalo kosa hilo katika sheria yake ya adhabu. Kwa hiyo dereva wa lori anayevuka daraja la Rusumo, kutoka Ngara kuingia Rwanda, anabadilisha mambo mawili kwa mpigo: anahama kutoka mkono wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia, na mtu aliyelala kando ya njia, ambaye nyuma ya daraja alikuwa jukumu la dhamiri yake, mbele ya daraja anakuwa pia jukumu la kisheria.

Mimi si mpenzi mkubwa wa sheria za kulazimisha kwa nchi zetu, angalau kwa sasa. Ukimwadhibu mtu kwa kupita, huku hujamwondolea adhabu anayoipata kwa kusimama, umemweka kati ya viboko viwili. Nimevutiwa zaidi na njia ya India. Huko nako watu waliwaacha majeruhi barabarani kwa kuogopa polisi na mahakama, hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoyapa nguvu ya kisheria, mwaka 2016, maelekezo ya kumlinda msaidizi. Bunge likafuata mwaka 2019 kwa kuingiza kifungu cha 134A katika sheria ya vyombo vya moto: aliyesaidia kwa nia njema hashitakiwi kwa madhara yaliyotokea katika kusaidia, na kwa kanuni zilizotungwa chini yake halazimishwi kutaja jina lake wala kuwa shahidi. Anamkabidhi majeruhi na kuondoka akitaka. Hicho ni kifungu ambacho kingeweza kuandikwa kwa Kiswahili, Dodoma, kwa kurasa mbili.

Kusaidia nako kuna namna za kuumiza, na hili halisemwi vya kutosha kwa kuwa watu huogopa kuwakatisha tamaa wenye moyo. Jambo la kwanza ni usalama wa anayesimama. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalizunguka, na moto ulipolipuka waliokufa walizidi 100. Wapo waliokwenda kuchota petroli na wapo waliokuwa wakipita tu. Ukisikia harufu ya mafuta, kazi yako ni kuwarudisha watu nyuma na kupiga zimamoto kwa namba 114, hata kama ndani ya kichwa cha lori unamwona mtu. Ni neno gumu kuliandika. Jambo la pili ni kulinda mahali penyewe: gari lako liwe nje ya lami, taa ziwake, mtu atangulie nyuma na matawi au pembetatu ya kuakisi mwanga kabla hamjamgusa majeruhi. Na mkiondoka, yaondoeni matawi na mawe. Jiwe lililokuwa limezuia tairi la lori, likiachwa katikati ya lami, ndilo litakalomwua mwendesha pikipiki wa alfajiri.

Kuhusu mwili wa majeruhi, makosa yetu makubwa hutokana na haraka ya kuvuta na kunyanyua. Mtu anayepumua, asiye karibu na moto wala njia ya magari, hana sababu ya kukokotwa kwa mikono na miguu kama gunia, kwa kuwa shingo au uti wa mgongo ukiwa umevunjika, mvuto mmoja unaweza kumpoozesha maisha yake yote. Damu inayotiririka hukandamizwa, kwa nguvu na bila kuchungulia kila dakika, kwa kitambaa safi. Kanga iliyokunjwa mara nne inafanya kazi hiyo vizuri. Kitu kilichochoma mwilini kisichomolewe. Aliyezimia asinyweshwe maji, hata kama midomo imekauka na watu wote wanapiga kelele kwamba apewe. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika zipatazo 20, asipakwe dawa ya mswaki wala udongo. Na kwa kuwa sehemu nyingi za barabara zetu gari la wagonjwa halifiki, majeruhi itabidi abebwe: basi watafutwe watu wanne, na ubao, mlango au kitanda cha kamba, alazwe mgongo ukiwa umenyooka, kichwa kimeshikwa na mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine.

Mwenye ujuzi wa mambo haya akipita kwa bahati, tofauti huonekana. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule kutoka Arusha lilitumbukia bondeni huko Rhotia, Karatu, na watu 35 wakafariki: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walipona. Miongoni mwa waliofika pale mwanzoni walikuwamo wageni wa kujitolea kutoka Marekani, waliokuwa safarini na wenye utaalamu wa tiba, waliosimamisha gari, wakateremka bondeni na kuwahudumia wale waliokuwa bado wanapumua. Baadaye watoto hao walipelekwa Sioux City, jimbo la Iowa, kwa matibabu, wakarejea nyumbani Agosti ya mwaka huohuo. Bahati kama hiyo haiwezi kupangwa kwa kungoja wageni. Inaweza kupangwa kwa kuwafundisha wanaoshinda barabarani. Nchini Ghana madereva wa magari ya abiria na mizigo 335 walifundishwa huduma ya kwanza, na baadhi yao walipofuatiliwa miezi kadhaa baadaye, zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kumsaidia majeruhi. Mwanza nako waendesha bodaboda wamefundishwa na kuunganishwa kwa ujumbe wa simu ili wa karibu afike kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi kwa idadi ya watu wake. Wengi wa hao, wa kwanza kuwafikia ni dereva, konda, utingo au mchuuzi wa mahindi ya kuchoma.

Kuhusu gharama, Tanzania tayari ina mfano wake yenyewe. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, huwasafirisha wajawazito na watoto wachanga walio katika dharura. Mtu hupiga 115 bila malipo, na gari la wagonjwa likikosekana huitwa dereva wa kawaida wa hapohapo, aliyesajiliwa na anayejulikana, ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Dereva huyo hatafuti fedha ya mafuta mfukoni mwake, wala hafiki hospitali kama mtuhumiwa. Anafika kama mtu anayesubiriwa. Sioni kwa nini mwendesha pikipiki aliyevunjika mguu Mikumi asifikiriwe kwa namna hiyohiyo.

Yule wa kwetu alijibu kwamba yuko peke yake. Kulikuwa na dereva wa lori aliyesimama kabla yetu, alisema. Hakuwa na nafasi ya kumlaza mtu kwenye kichwa cha lori, basi akakata matawi, akayapanga, akamwambia asisogee, na akaahidi kutoa taarifa mbele. Dereva wetu akazima injini. Yule abiria aliyesema twende tu ndiye aliyeshuka wa kwanza na tochi ya simu. Mama akatoa kanga moja kati ya mbili alizojifunga. Tulitoa kiti cha katikati, tukamlaza sakafuni mguu ukiwa umefungwa kwenye kipande cha ubao, tukaisogeza pikipiki nje ya barabara, na konda akarudi nyuma kuyaondoa matawi moja moja.

Hospitali ya kwanza tuliyoifikia, muuguzi alitoka nje na machela kabla gari halijasimama sawasawa. "Mlazeni hapa kwanza," alisema, "maelezo baadaye." Polisi alikuwa amekwisha kufika, kwa kuwa dereva wa lori alikuwa amesimama kizuizini na kumweleza: pikipiki nyekundu, upande wa kushoto, karibu na mbuyu mkubwa. Aliandika jina na namba ya simu ya dereva wetu kwenye daftari, akasema, "Mzee wangu, endelea na safari. Nikikuhitaji nitakupigia." Muuguzi akaleta ndoo ya maji na dekio tuoshe damu sakafuni. Tulipoingia tena barabarani, saa ya gari ilionyesha kwamba tangu pale kwenye matawi zilikuwa zimepita dakika 50.